Bado Hajakoma: Miaka Yangu na Wanawake wa Makamo

Siku mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niseme machache. Nilisema, "Asanteni, kuleni," nikaketi. Msidhani ni maringo. Jina lililoandikwa juu ya keki lilikuwa Maria, na mtu aliyeitwa Moraa maisha yake yote hukosa la kusema akisimamishwa mbele ya Maria. Sasa niko nyumbani, theluji imenizuia hata kwenda dukani, na yote niliyopaswa kuwaambia yamenijia kwa mpigo. Nitayaandika jinsi yalivyofuatana. Ya vyeo na mishahara nayaacha, waulizeni waliovipata.

Nilifika Minnesota nikiwa muuguzi wa wodi ya wazazi kutoka Kisii, na kazi ya kwanza niliyopata hapa ilikuwa kuwaogesha bibi vizee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Eden Prairie. Eden Prairie ni mahali ambapo mtu anayetembea kwa miguu huulizwa kama amepotea, kwa hiyo nilijifunza ku-drive kwenye barafu kabla sijazoea chakula chao kisicho na chumvi. Bibi wale ndio walionifundisha lugha ya wenyeji. Mwanamke wa Minnesota akikuambia "not too bad," yaani si vibaya sana, mwangalie tena, huenda mguu umevunjika. Somo hilo lilinifaa kuliko mengi niliyosoma baadaye darasani. Nilirudi shule, nikasoma hadi nikapata leseni ya kumpima mwanamke na kumwandikia dawa mwenyewe, ndipo nikaajiriwa kwenye kliniki yetu hapa Saint Louis Park.

Siku ya kwanza nilipokewa na Marlys. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mkunga mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekua akikamua ng'ombe. Alinipa koti, akanionyesha choo, akanionyesha kabati la dawa, kisha akalifunga.

"Hili hutaligusa wiki hii," akasema. "Utakaa kwenye kile kiti pale, usikilize."

Nilikuwa nimezalisha wanawake wengi kabla sijaiona Marekani. Nilikaa kwenye kiti, ila moyoni nilikuwa nimesimama.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nadhifu, mcheshi. Alisema damu yake ya mwezi imekuwa ikija inapotaka, sasa haijaja kwa muda, anapata joto la ghafla, na usingizi umemkimbia. Alitaka kitu cha kutuliza hayo yote. "Nimeshafika umri wa kukoma hedhi," akatuambia, akicheka. "Vidonge vya kuzuia uzazi niliviacha tangu kiangazi. Havina kazi tena."

Marlys alimwuliza habari za wanafunzi wake, za mgongo, za mwanawe aliyekuwa chuo kikuu. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akamwomba mkojo. Mimi nilidhani anatafuta maambukizi. Mistari miwili ilitokea kwenye kipimo kabla Marlys hajamaliza kunawa mikono.

Yule mwalimu alicheka tena, kisha akalia, kisha akauliza kama kipimo kinaweza kukosea. Marlys alivuta kiti akakaa naye, magoti kwa magoti, akangoja hadi mwenyewe alipokuwa tayari kuzungumza. Alipoondoka, na kuondoka kwake kulichukua asubuhi nzima, Marlys akanigeukia.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba kuchelewa siyo kukoma," nikasema.

"Umri wa kukoma unajulikana ukitazama nyuma," akaniambia. "Mwaka mzima bila tone la damu, na kama hajafika hamsini, mimi humwambia angoje miwili. Kabla ya hapo, yai moja lililochelewa njiani linatosha kubadilisha maisha ya nyumba nzima."

Kwa hiyo nilipofunguliwa kabati hatimaye, nilikuwa nimeshapata kazi yangu ya maisha, ingawa sikuijua. Wenzangu walipenda wajawazito na vichanga, na siwalaumu, vichanga vinanukia vizuri. Mimi nilipewa wanawake wa makamo. Watu huwasahau. Binti wa miaka ishirini akija kutafuta njia ya kupanga uzazi, kila mtu ana kijitabu cha kumpa. Mama yake akija, anaulizwa habari za mafuta ya damu na matiti, anatakiwa siku njema. Hakuna anayefikiri kwamba naye ana mume, ana kitanda, ana hofu.

Na huyo mama ndiye anayehitaji uangalifu zaidi. Kidonge alichomeza salama akiwa na miaka ishirini na mitano, chenye homoni mbili, kinaweza kumdhuru akiwa na arobaini na tano kama anavuta sigara, kama presha imepanda, kama amewahi kugandisha damu mguuni, au kama ana aina fulani ya kichwa kuuma. Kidonge ni kilekile. Mishipa ndiyo imezeeka. Wengine wasio na mambo hayo walikitumia miaka mingine bila shida, nami niliwaachia. Sikuwahi kumnyima mwanamke dawa kwa sababu ya mvi peke yake.

Vyombo vyangu mnavijua. Mkanda wa presha, wa saizi tatu, kwa maana mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo utasoma presha isiyokuwepo. Kiti chenye mgongo. Mgonjwa akae kwanza atulie, miguu sakafuni, na wewe funga mdomo. Mnapenda kuwapima watu huku mkiwauliza kama barabara ilikuwa na theluji. Presha mnayoipata ni ya theluji. Na ule mfano wa plastiki wa mji wa mimba, ule wa waridi uliopasuka pembeni, msiutupe. Nasikia mmeletewa wa kwenye skrini. Mwanamke hawezi kushika skrini akaigeuza.

Sasa nifike kwa Mama Neema. Yeye mwenyewe aliniambia niwasimulie, tena akanionya nisifupishe.

Alikuja mara ya kwanza siku ya baridi kali, akiwa amevaa koti la mumewe juu ya kitenge. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Walitoka mashariki ya Kongo wakapita kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Saint Paul, yeye, mumewe na watoto sita, na wa saba alizaliwa hapahapa. Alipojua nazungumza Kiswahili alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama Moraa, miye sitaki mambo mingi," akasema. "Nipe tu ma-pilule ya kuzuia mimba. Jirani yangu alinipa yake, nimemeza, yamekwisha."

Nilimwuliza kwa nini anayataka. Akatazama chini. Uzazi wa mwisho, alisema, damu haikukatika. Walimwongezea damu ya watu wengine hadi akahisi baridi yao mwilini mwake. Daktari wa hospitali alimwambia mimba nyingine ni hatari. "Nikipata tena, nitakufa. Batoto wangu watabaki na nani katika inchi hii ya barafu?"

Presha yake ilikuwa juu kidogo. Nikangoja, nikampima mkono wa pili, bado juu. Nikamwuliza kama anaumwa kichwa. Akasema hapana. Hapo ndipo vijana wengi huweka alama na kuendelea. Lakini mwanamke aliyelea watoto sita kambini hahesabu kichwa kuwa ugonjwa. Nikauliza kwa njia nyingine.

"Siku kichwa kinapotaka kuja, kabla hakijaanza kugonga, macho yako yanaona nini?"

Alinikazia macho. "Sasa ile umejua aje? Naona mistari inawaka, sawa vile moto ya kuchomelea chuma. Inatembea upande moja. Kiisha inaondoka, kichwa inaanza. Na tangu nimeanza ile ma-pilule, inakuja kila mara."

Mnajua maana yake. Kipandauso chenye mianga, presha, miaka arobaini na saba, na homoni mbili kila asubuhi kutoka kwa jirani mwenye nia njema. Alikuwa akitembea kuelekea kiharusi huku akidhani anakimbia kifo.

Nikamwambia polepole kwamba vile vidonge asivimeze tena, hata kimoja. Nikamweleza kwamba ziko njia nyingine zisizogusa mishipa: vidonge vya homoni moja, kijiti cha mkononi, koili inayowekwa ndani ya mji wa mimba. Alisikia neno la kwanza tu.

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia kile, siyo vyote."

"Ile ya nguvu unaninyang'anya, unataka kunipa ya batoto!" Akasimama. "Na stérilet, hiyo koili yenu, sitaki kusikia. Inapanda mpaka ku roho. Kuna mwanamke kambini alikufa nayo, ilifika ku roho ikamziba."

Nilimpa kondomu. Alizipokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya, akaondoka. Niliona koti lile kubwa likipita dirishani kuelekea kituo cha basi. Nilikuwa nimemwondolea hatari moja nikamwachia nyingine, na yeye hakuwa amekubali chochote.

Marlys alikuwa ameshazeeka kazini wakati huo, akija siku chache. Nilimweleza. Hakunipa ushauri wa dawa, alisema tu, "Atarudi au hatarudi. Ukimpigia, mpigie kumjulia hali, siyo kumhubiria." Nilimpigia Mama Neema kumjulia hali. Hakupokea.

Aliyepiga simu alikuwa mumewe. Sauti nzito, ya heshima, yenye hasira iliyofungwa vizuri.

"Mama Docta, mke wangu alirudi kwenu analia. Anasema mmemwondolea dawa. Mulimwambia nini?"

Nilimwambia mimi siyo daktari. Hakujali, aliniita Mama Docta hadi siku nilipostaafu. Nilimwambia pia kwamba sheria hainiruhusu kumwambia lolote, hata kama mke wake amefika hapa au hajafika. Nilitarajia anikaripie.

"Sheria nzuri," akasema. "Basi nikimleta, na yeye mwenyewe akikubali nikae ndani, utatuambia sisi wote?"

"Akikubali yeye."

Walikuja asubuhi, mume akitokea moja kwa moja kazini kwenye ghala kule Woodbury, bado amevaa fulana yake ya manjano inayong'aa. Nilimwuliza Mama Neema peke yake kwanza, mlango ukiwa umefungwa, kama anataka mumewe aingie, na kama kuna lolote nyumbani linalomtisha. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Yule? Yule anaogopa damu kunishinda. Mwache aingie."

Baba Neema alikaa, kofia magotini. Nikaeleza tena, kuanzia ile mianga ya machoni. Nilipofika kwenye kiharusi alinikatiza.

"Ngoja. Ile dawa ingeweza kumwangusha?"

"Ingeweza. Siyo lazima, lakini ingeweza."

Akafunga macho. "Miye nilikuwa mule chumbani siku ya mtoto wa mwisho," akasema. "Niliona daktari wanakimbia. Daktari wa hapa hawakimbiangi. Siku ile nilimwambia Mungu, ukiniachia huyu, sitakuomba mtoto mwingine." Kisha akanitazama. "Na mwanaume, hana dawa yake? Kila siku mnamtoboa mwanamke tu?"

Katika miaka yangu yote, wanaume walioniuliza swali hilo bila kusukumwa na mke nawahesabu kwa vidole. Nilimweleza upasuaji mdogo wa kukata mirija ya mwanaume: unafanywaje, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, nguvu zake zinabaki palepale, na baadaye lazima apimwe kuhakikisha mbegu zimekwisha. Aliuliza maswali ya maana. Jasho lilimtoka, lakini aliuliza.

"Nitafanya," akasema.

Mama Neema alimgeukia. Sikuwahi kuona mke akimtazama mume namna ile ndani ya chumba changu cha kupimia. Nilijifanya natafuta kalamu.

"Papa Neema, hapana," akasema taratibu. "Bado unabeba masanduku kila siku, na unaogopa hata sindano ya mafua. Acha nisikie kwanza ile yangu yote." Akanyoosha mkono kwangu. "Leta hiyo stérilet niione."

Nilimpa mfano wa plastiki kwanza. Nikamwekea koili kiganjani, ile yenye homoni kidogo ndani yake, ndogo kuliko alivyodhani, laini, yenye umbo la T na nyuzi zake. Aliikunja, aliivuta, aliinusa. Akaiingiza mwenyewe kwenye mji wa mimba wa plastiki, akatafuta kwa kidole mahali inapoweza kutokea ili ipande.

"Imefungwa," akasema.

"Imefungwa. Kuna mirija miwili myembamba kama uzi, koili haipiti. Mara chache sana inaweza kutoboa ukuta wakati wa kuwekwa, na hilo tunaliangalia. Au inaweza kuteleza ikatoka. Lakini hakuna mlango wa kwenda moyoni."

"Na yule mwanamke wa kambini?"

"Sikumpima, siwezi kusema kilichomuua. Naweza kusema tu siyo hivyo."

Naamini jibu hilo ndilo lililomgeuza, kwamba kuna nisichokijua na nimekiri. Kisha akaniambia jambo ambalo hakulitaja mara ya kwanza: tangu mwaka uliopita hedhi yake ilikuwa inamwaga, anabadilisha vitambaa hadi anaona kizunguzungu. Nilifurahi kusikia, siyo kwa sababu ya shida yake, bali kwa sababu koili ile hupunguza damu pia. Lakini katika umri ule damu nyingi haifunikwi kabla ya kuulizwa inatoka wapi. Daktari wetu alimpiga ultrasaundi, akachukua kipande kidogo cha utando wa ndani kikapelekwa maabara. Alikuwa na upungufu wa damu, tukamwanzishia vidonge vya madini ya chuma. Majibu ya utando yalirudi salama. Presha tukamkabidhi kwa daktari wa familia. Wakati wote huo alimeza vile vidonge vya homoni moja alivyoviita vya batoto, tena kwa saa ileile kila siku, maana mumewe aliweka kengele kwenye simu.

Siku ya kuweka koili alimeza dawa ya maumivu mapema kama nilivyomwagiza, akajilaza, akaanza kusali kwa sauti. Alisali wakati naosha, wakati napima kina, wakati natia. Msichana aliyekuwa akinisaidia, mwenyeji wa hapa, akaninong'oneza kama tusimame kidogo.

"Usisimame," nikamwambia. "Hajafika kwenye amina."

Alifika kwenye amina nikiwa nakata nyuzi. "Imekwisha?" akauliza. "Ile yote niliyoogopa ni hii?"

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Alitokwa na matone kwa miezi, alinipigia simu mara kwa mara, safari moja akisema anaisikia mgongoni. Nilimwita, nikampima, nyuzi zilikuwa mahali pake. Nilimwambia avumilie hadi nusu mwaka. Kufikia wakati huo damu ilikuwa imepungua hadi kuwa alama tu, kizunguzungu kimeondoka, na ile mianga ya machoni ilikuwa inakuja mara chache sana. Akaanza kuniletea wanawake wa kanisani kwake. Walikuja wawili wawili, wote wa makamo, wote wakijifanya wamemsindikiza mwenzao. Mmoja wa hamsini na mbili alikuwa anameza dawa za kutuliza joto la ukomo akidhani zinazuia mimba pia. Hazizuii. Nilimshukuru Mungu kwamba aliuliza mapema.

Vijana wangu, hii ndiyo fahari yangu, nami siionei haya. Kuna wanawake katika miji hii yetu wanaotembea kwa miguu yao miwili, wanaozungumza bila ulimi kuvutika, kwa sababu mtu aliwauliza swali la ziada. Hawajui kwamba kuna jambo halikuwapata, kwa hiyo hakuna anayerudi kushukuru. Msingoje kushukuriwa. Ikiwa mnataka makofi, kapokeeni vichanga.

Mama Neema alirudi mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano, na koili ilikuwa imemaliza muda wake. Alikuja na koti lake mwenyewe, zambarau, lenye manyoya shingoni. Nilimweleza kwamba katika umri huu hakuna haja ya kuweka nyingine; mlango wa mimba umejifunga wenyewe. Nilivuta nyuzi, akakohoa kama nilivyomwambia, ikatoka.

"Na sasa naweka nini?" akauliza.

"Huweki kitu. Umekoma, mama. Umemaliza salama."

Alilala pale akitazama dari, machozi yakimwingia masikioni. Nilimpa karatasi laini, nikageuka kumpa nafasi. Kisha nikamsikia anacheka.

"Papa Neema yuko pale inje anasali," akasema. "Anafikiri utamwambia leo ni zamu yake. Usimwambie kitu. Mwache asali kidogo."

Alivaa bila haraka, akapaka mafuta ya midomo mbele ya kioo changu, akanikumbatia, akatoka. Nilisikia mlango wa chumba cha kusubiri ukifunguka, na sauti nzito ya mwanaume ikiuliza kwa wasiwasi, na yeye akimjibu, "Simama, twende nyumbani." Nilinawa mikono, nikabadilisha shuka la karatasi, nikatoka kumwita mwanamke aliyefuata.